Kupima na Kutibu Mishipa ya Damu ya Ubongo kwa Njia ya Mkono: Maelezo kwa Wagonjwa wa Tanga

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Hospitali ya Bombo, Tanga, kwenda Dar es Salaam kufanyiwa angiografia ya ubongo, yaani kipimo cha picha za mishipa ya damu ya ubongo, huambiwa kuwa mrija mwembamba utaingizwa kwenye mshipa wake wa damu hadi shingoni, na hofu humshika hapo hapo. Jambo ambalo ndugu wachache hukumbuka kuuliza ni mrija huo utaanzia wapi, kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono, ingawa jibu lake lina uzito kwa mtu ambaye baadaye atakaa ndani ya basi kwa zaidi ya kilomita 300 akirudi nyumbani.

Kipimo chenyewe ni cha siku nyingi. Egas Moniz, daktari Mreno, alikianzisha mjini Lisbon mwaka 1927 kwa kudunga dawa ya kuonyesha mishipa moja kwa moja kwenye ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) ya shingo, na baadaye njia ya kinena ikatawala. Waliotangulia kuhamia mkononi ni madaktari wa moyo, baada ya Lucien Campeau wa Montreal kuchapisha mwaka 1989 matokeo yake ya kupima mishipa ya moyo kwa njia hiyo. Wataalamu wa ubongo walifuata wakiwa wamechelewa sana.

Ateri ya kinena imejificha ndani, na ikivuja, damu inaweza kujikusanya nyuma ya tumbo bila mtu yeyote kuiona, ndiyo maana mgonjwa huamriwa kulala chali kwa saa kadhaa akiwa amenyoosha mguu. Ateri ya mkononi, ambayo muuguzi huigusa anapohesabu mapigo, iko juujuu na imeegemea mfupa, hivyo ikivuja huonekana mara moja na kudhibitiwa kwa kuikandamiza. Mgonjwa huketi mapema na kwenda msalani mwenyewe, jambo ambalo kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo si dogo hata kidogo.

Kabla ya kuanza, daktari anaweza kuibana mishipa yote miwili ya kifundo huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi mpaka kiganja kipauke, kisha akauachia ule wa upande wa kidole kidogo na kutazama kama rangi inarudi upesi. Hufuata sindano ya ganzi, na mrija ukishaingia, hupitishwa dawa za kulegeza mshipa na kuzuia damu kuganda, ambazo huweza kuleta hisia ya moto mkononi kwa muda mfupi. Dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha nayo huleta joto la ghafla usoni, na wengine huona mimuliko ya mwanga. Mgonjwa aambiwe hayo mapema, kwa sababu anayeshtuka hutikisa kichwa na picha ikaharibika.

Hata hivyo, njia hii haimfai kila mtu. Kipenyo cha ateri hiyo ni kama milimita 2 hadi 3 tu. Huweza kujikaza, na baadhi ya mirija minene ya matibabu haipiti. Mwenye ugonjwa wa figo anayesafishwa damu, au anayeelekea huko, kwa kawaida huhifadhiwa mishipa ya mikono yake. Isitoshe, kutoka mkono wa kulia kwenda ateri ya shingo ya kushoto kuna kona kali. Wala mkono hauondoi hatari ndogo ya kiharusi kutokana na kipimo, maana huko juu mrija hupita katika mishipa ile ile. Kwa hiyo daktari akichagua kinena, hasa anapowahi kuondoa bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi, kubishana naye ni kupoteza muda wa ubongo.

Baada ya kipimo, mkono hufungwa bangili ya plastiki yenye kifuko cha hewa, ambayo muuguzi huipunguza kidogo kidogo. Ateri ikibanwa kupita kiasi huweza kuziba, na mara nyingi mgonjwa hatambui, kwa kuwa kiganja hupata damu kwa njia ya pili. Nyumbani, ndoo ya maji ya lita 20 ibebwe na mwingine kwa siku chache. Damu ikitoka, mgonjwa aketi, akandamize kwa nguvu mahali palipodungwa, kisha apelekwe hospitali huku bado anakandamiza. Vidole vikipoa, kufa ganzi au kubadilika rangi, asisubiri kupambazuke. Barua ya kuruhusiwa nayo itaje ni mkono upi uliotumika, kwa faida ya daktari atakayeuhitaji tena.