Maji yakijaa, kila chombo huelea

Majuzi nililetewa tafsiri ya ripoti ya uchumi niihariri. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na hii: “Wimbi linalopanda huinua mashua zote.” Msemo wenyewe wa Kiingereza, “a rising tide lifts all boats,” naujua, kwa hiyo nilielewa. Asiyeujua angeshangaa, maana wimbi tunalolijua sisi huzamisha. Kinachosemwa pale ni maji kujaa: yale yanayopanda taratibu kwa saa kama sita, mpaka ngalawa iliyolala ubavu mchangani ikasimama yenyewe bila kusukumwa.

Maana yake ni kwamba uchumi ukikua, wote hunufaika. Aliyeuvumisha ni Rais John F. Kennedy wa Marekani. Juni 1963 aliutumia Frankfurt, Ujerumani, akisema ndivyo wasemavyo kwao Cape Cod, kwenye pwani ya Marekani. Oktoba 3 mwaka huohuo akaurudia katika jimbo la Arkansas, akizindua bwawa la Greers Ferry. Walikuwapo waliolalamika kwamba miradi ya namna hiyo ni kufuja fedha za taifa. Naye akawajibu kuwa Arkansas ikistawi, Marekani nzima inastawi. Yaani alikuwa akizungumzia sehemu moja ya nchi na nyingine, si tajiri na maskini. Siku hizi msemo huohuo hutetea hata kupunguziwa kodi wenye nacho, na wapinzani wake huuliza: asiye na chombo je?

Mtu wa pwani ana la kuongeza. Mashua iliyotoka kalafati, zile pamba za kuziba nyufa za mbao, maji yakijaa huingia ndani. Iliyofungwa kamba fupi huvutwa omo, yaani sehemu ya mbele, chini. Tena maji hayajai tu, hupwa. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na aliyechelewa kutoka hupwelewa, hubaki juu ya mchanga.

Mimi hutafsiri hivi: “Maji yakijaa, kila chombo huelea.” Mashua ni aina moja tu, chombo ni dau, ngalawa, hata jahazi. Na “huelea” humwonyesha msomaji kwamba kabla ya hapo chombo kilikuwa kimekaa chini.

Aya tatu mbele, ripoti iliwataja wakulima ambao ukuaji huo haukuwafikia. Mfasiri aliandika “waliachwa nyuma.” Nikafuta, nikaandika pembeni: wamepwelewa.