Bastola ya kampuni ya cherehani

Kila fundi nguo anaijua Singer. Wanaojua kwamba kampuni hiyohiyo ya cherehani iliwahi kuunda bastola ni wachache, na kwetu tunaokagua silaha za kale hakuna M1911A1, yaani bastola ya jeshi la Marekani ya enzi hizo, inayotafutwa kama hiyo.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliipa Singer oda ya bastola 500, kupima kama kiwanda chake kingeweza kazi hiyo vita vikifika. Kiliweza, tena kwa ustadi mkubwa. Lakini baada ya hizo 500 kampuni ikaelekezwa kwenye mitambo ya kulengea mizinga ya kutungulia ndege, na bastola wakaachiwa wengine. Remington Rand, kampuni ya mashine za taipu, peke yake ilitoa zaidi ya 800,000. Ndiyo maana Remington Rand nzuri utaipata kwa dola elfu chache, ilhali Singer safi hupita 100,000.

Neno hilo "safi" ndilo linaloumiza watu. Safi kwetu ni ile ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, hata kama imechujuka pale ilipokuwa ikisuguana na ala. Nyingi zilipita karakana za jeshi: mtutu ukabadilishwa, rangi ya buluu iliyokoza ikafunikwa na kijivu butu.

Mimi huanza na herufi JKC, za mkaguzi wa jeshi John K. Clement, kisha namba, ambayo lazima iwe kati ya S800001 na S800500. Chini ya lenzi, muhuri uliogongwa kwenye chuma huacha ukingo mwembamba ulioinuka kuzunguka kila herufi. Msasa huufuta ukingo huo, na haurudi. Hapo ndipo wanaogushi hunaswa.

Kuna kijana aliniletea bastola ya babu yake, ya kampuni ya Colt, iking'aa kama kijiko. Alikuwa ameisugua siku mbili nzima, kwa mapenzi tu. Nilipata shida kumwambia kwamba zaidi ya nusu ya thamani yake ilibaki kwenye kile kitambaa.

Kwa hiyo ukirithi ya kwako, hakikisha kwanza haina risasi, ipake mafuta mepesi, basi. Usiihifadhi ndani ya ala, maana ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Ala yenyewe usiitupe, wala karatasi yoyote ya jeshi utakayoikuta nayo.