Kushikilia salio ni nini? Pesa imo lakini haitumiki

Juzi shangazi yangu wa Wete kanipigia kwa simu ya jirani, keshakasirika, "mwanangu salio nimeangalia ipo mia tano, nataka kumpigia ndugu yako Unguja simu inanambia sina pesa, hawa watu washanila". Nikamwamkia kwanza halafu nikamuuliza, shangazi data umewasha? Akasema imewashwa tangu asubuhi, mjukuu alikuwa anatizama katuni na bando lishakwisha kitambo. Nikamwambia zima data, subiri kidogo, upige tena. Ikatoka.

Hakuna alieila mia tano yake, ilikuwa imeshikiliwa tu. Na hichi kitu cha kushikilia salio ndio nataka tukizungumze, kwa sababu nawaona vijana wengi wanaingia kwenye kazi ya kutesti mifumo ya simu, wanajua kuandika testi vizuri kabisa, wanajua na otomesheni, lakini pesa inavyotembea ndani ya mfumo hawajaambiwa na mtu, basi analeta ripoti ya bagi, yaani kosa la mfumo, "salio ipo, simu imekataliwa", anaambiwa sio bagi, na wiki hiyo hiyo bagi la kweli linampita mbele ya macho.

Chukulia mama kampa mtoto noti ya elfu mbili akanunue boflo. Ile noti imeshatoka mkobani lakini bado haijatumika, yuko nayo mtoto njiani. Ukimuuliza mama una pesa ngapi atakujibu kwa hesabu mbili, zilizomo mkobani, na zilizomo mkobani pamoja na ile iliyoko kwa mtoto. Sasa akija muuza samaki mlangoni mama hawezi kumlipa kwa noti iliyoko dukani, japo noti ni yake na mtoto atarudi na chenji.

Kwenye simu ya malipo ya kabla mama ndio mfumo wa kuchaji papo kwa papo, wenyewe wanauita OCS. Mtoto ni ile mitambo inayopitisha data au simu. Ukiwasha data mtambo unauliza OCS huyu nimruhusu? OCS haikabidhi salio yote kwa mpigo, inakata kipande, tuseme megabaiti kadhaa, inapiga hesabu ya bei yake, inaitenga ile pesa, ndio inajibu mpe. Kipande kikikaribia kwisha mtambo unarudi, nimetumia kiasi hichi, niongeze. Ukizima data unarudi mara ya mwisho na hesabu, kilichotumika kinakatwa kweli, kilichobaki kinaachiwa. Kwa shangazi salio ilikuwa ndogo na kipande cha data kiliimeza yote mia tano, simu ilipokuja kuomba ikakuta mkoba mtupu, na menyu ya salio ikaendelea kuonesha mia tano kwa sababu bado haijakatwa.

Mazungumzo hayo yanakwenda kwa itifaki ya Diameter, ndio lugha ya mitambo hiyo, na sehemu yake ya kuchaji iliandikwa kwenye RFC 4006 (RFC ni hati za kanuni za mitandao) ya mwaka 2005, ikaja kubadilishwa na RFC 8506 mwaka 2019. Ukifungua logi, kumbukumbu za mtambo, utaona ombi linaitwa CCR na jibu CCA, na maombi ni ya aina tatu, la kuanza, la kuendelea na la kumaliza, kuna na la nne la mambo ya mara moja kama meseji. Jibu la 2001 maana yake sawa, 4012 maana yake salio haitoshi. Hiyo 4012 ndio iliyomkuta shangazi, kwa hiyo ukiiona usikimbilie kuandika bagi, tizama kwanza kama kuna kipindi chengine, yaani mazungumzo mengine ya mtambo na OCS tangu ombi la kuanza mpaka la kumaliza, kimefunguka kimeshika pesa.

Bagi la kweli hasa linakaa pale mtoto asiporudi. Mie nikipanda boti pale Malindi kwenda Mkoani, tukishaipita Nungwi kuna kipande cha bahari simu inabaki haina hata mstari mmoja. Simu haikuzimwa, haikuaga, imepotea tu, na mtandao haujui kama nimepotea mpaka saa zake za kuhesabu muda zimalize, kwenye 4G saa ya simu kujiripoti kwa kawaida ni dakika 54 na upande wa mtandao unaongeza dakika kama nne juu yake. Muda wote huo mtambo unaweza kuwa bado umeshika kipande changu. Ndio maana kila kipande kinapewa muda wa uhai kwa sekunde, ukifika mtambo lazima urudi kwa OCS hata kama hakijatumika, na OCS nayo ina saa yake ya kukisimamia kipindi kizima, RFC inaruhusu iwekwe mara mbili ya ule muda wa uhai ili hitilafu ndogo ya mtandao isikate kipindi bure. Testi ambayo karibu kila mtu anaisahau ni hii, fungua kipindi, shika pesa, halafu ukate waya, usitume ombi la kumaliza kabisa, ukae usubiri. Pesa ilirudi? Ilirudi yote au imepungua? Ilirudi mara moja au mara mbili? Inachosha kusubiri najua, lakini humu ndimo pesa za watu zinamopotelea.

Jengine ni ombi kurudiwa. Mtambo umetuma hesabu, jibu likapotea njiani, unatuma tena ile ile. OCS ikiihesabu kama mpya mteja kakatwa mara mbili. Kinga yake ni kitambulisho cha kipindi pamoja na namba ya ombi, ambayo inapanda moja moja ndani ya kipindi, kwa hiyo kitambulisho kile kile na namba ile ile ni ombi lile lile, lijibiwe bila ya kukata tena. Mie nilipofanya kazi pahala fulani tulikuwa na testi zaidi ya mia za kununua bando na hata moja ya kurudia ombi hatukuwa nayo, na testi zote zilikuwa kijani, yaani zimefaulu, mpaka leo likinijia linaniuma kwa sababu waliokatwa mara mbili wengine hata hawakujua wapi pa kulalamika.

Na OCS yenyewe ikiwa kimya? Mtambo una saa ya kusubiri jibu, inayopendekezwa ni sekunde 10, baada ya hapo unafuata ulichopangiwa, ukate huduma, ujaribu seva nyengine kwanza, au uendelee kumhudumia mteja bila ya ruhusa. Hakuna jawabu moja sahihi hapo, ni uamuzi wa kampuni, lakini anaetesti lazima aulize umeamuliwa upi, maana "huduma iliendelea" inaweza kuwa imefaulu au ni hasara.

Vipimo pia usivipite. Diameter inahesabu data kwa baiti, bando linauzwa kwa GB. GB inayopanda kwa elfu elfu kutoka baiti na GB inayopanda kwa 1024 hazilingani, kwenye bando la GB 5 tofauti inapita megabaiti 360, na ukikuta menyu inahesabu hivi na OCS inahesabu vile basi mteja ataona bando limekwisha kabla ya wakati wake na hatokuwa amekosea.

Kwenye 5G kamili, ile isiyoegemea mitambo ya 4G, hizo CCR hazipo tena, mfumo wa kuchaji unaitwa CHF na unazungumza kwa HTTP na JSON, lugha zile zile za tovuti, anaejua kutesti API za kawaida, yaani milango ya programu kuzungumza na programu, atajiona yuko nyumbani. Kuomba kipande, kushikilia, kutoa hesabu na kuachia kumebaki vile vile.

Kimoja bado nakipigania kila ninapopewa nafasi, menyu ya salio ioneshe mbili, salio yako na kiasi kilichoshikiliwa, kwa Kiswahili kinachofahamika. Kwa kawaida ujumbe wa USSD, ule unaokuja ukipiga namba za nyota na reli, unachukua herufi 182, unatosha kabisa kuandika "Salio 500, zote zimeshikiliwa na data. Zima data upige simu." Shangazi angeisoma mwenyewe pale Wete, asihangaike kwenda kuazima simu ya jirani.