Je, wajua? Moyo wa mtoto wa mbwa unaweza kupiga kelele sana kumbe tundu lenyewe ni dogo

Mwenye mbwa akiambiwa moyo wa kitoto chake una mlio usio wa kawaida, cha kwanza anauliza ni mkubwa kiasi gani, halafu akisikia ni daraja la 5 kati ya 6 anaishiwa nguvu hapo hapo. Ila kelele na hatari haviendi pamoja siku zote. Vali, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, ikiwa imebana sawa, mara nyingi mlio mkubwa unamaanisha shida kubwa, lakini kwenye tundu la ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo mambo yanageuka kabisa, tundu dogo ndo linapiga kelele na kubwa linaweza kuwa karibu kimya. Na kuna vimilio vya chini chini visivyo na ugonjwa wowote, vingi vinaisha vyenyewe mtoto akifika miezi 4 au 5 hivi.

Kwa nini iwe hivyo? Toa pumzi mdomo ukiwa wazi, husikii kitu. Sasa bana midomo upige mluzi, pumzi ni ile ile ila inapita kwa kasi na inalia. Presha ya chumba cha kushoto ni mara kadhaa ya ile ya kulia, kwa hiyo tundu likiwa dogo ile tofauti inabaki na damu inafyatuka kama pumzi ya mluzi. Likiwa kubwa, damu inamwagika tu upande wa pili mpaka presha zinakaribia kulingana, hakuna tena cha kuisukuma kwa nguvu, mdomo uko wazi.

Stethoskopu haiwezi kupima hiyo kasi, ultrasaundi inaweza. Mawimbi yake yakigonga chembe za damu zinazotembea yanarudi na masafa yaliyobadilika, ni kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, na kutoka kwenye hayo mabadiliko mashine inatoa kasi ya damu. Daktari anaichukua hiyo kasi kwa mita kwa sekunde, anaizidisha yenyewe kwa yenyewe, halafu mara 4, anapata tofauti ya presha kwa milimita za zebaki. Kasi ya 5 inatoa 100. Hakuna mrija ulioingizwa ndani ya moyo, hesabu tu ya shule ya msingi.

Raha yenyewe iko hapa: 5 hiyo hiyo ikionekana kwenye tundu la ukuta ni habari njema, maana presha za pande mbili bado ziko mbalimbali, lakini ikionekana kwenye vali ya mshipa wa mapafu ni mbaya, kwa sababu hapo tofauti ya presha ikivuka 80 inahesabiwa kuwa ugonjwa mkali. Kwa hiyo namba bila picha ya mahali ilipopimwa haina maana.

Kitoto kinalazwa ubavu kwenye meza yenye uwazi na kifaa kinawekwa kwa chini, maana moyo unasogea huko na mapafu yenye hewa, ambayo inazuia mawimbi, yanapisha. Kwa kawaida nusukaputi haihitajiki. Ila kifaa kikikaa mshazari na mkondo wa damu kasi inasomeka ndogo kuliko ilivyo, mbwa akiwa na wasiwasi inapanda, na mbwa wengi wazima wa aina ya Boxer wana kasi ya juu kidogo kwenye aota, ule mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, kwa hiyo namba za katikati zinabishaniwa. Kubana kwa njia ya damu chini ya vali ya aota nako kunaweza kuongezeka mtoto anavyokua, ndo maana kipimo cha kumpitisha mbwa wa kuzalisha husubiri afikishe kama mwaka.

Kuna na ule mshipa unaounganisha aota na mshipa wa mapafu, unaotakiwa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Usipojifunga unaunguruma mfululizo, lakini presha ya mapafu ikipanda sana damu inageuza njia na mlio unaweza kupotea kabisa. Hapo daktari anatikisa maji ya chumvi mpaka yatoe vipovu vidogo, anayachoma kwenye mshipa wa mguu, halafu anapeleka kifaa tumboni: vipovu vikionekana kwenye aota huko na upande wa kushoto wa moyo hauna hata kimoja, basi vimepita kwenye ule mshipa.