Kufufua spishi iliyotoweka: maana yake, na nani anaumia

Kufufua spishi ni kuzalisha upya, kwa msaada wa maabara, mnyama ambaye aina yake imekwisha duniani. Njia moja ni kuchukua kiini cha seli iliyogandishwa na kukiweka ndani ya yai la mnyama wa jamii ya karibu. Nyingine ni kubadilisha jeni za jamaa aliye hai hadi afanane na aliyetoweka. Hii ya pili sidhani kama inastahili jina la ufufuo. Wale mbwa mwitu wa kale (dire wolf) waliotangazwa Marekani mwaka 2025 kuwa wamefufuliwa ni mbwa mwitu wa kijivu waliorekebishwa jeni 14 tu.

Mjadala wa maadili hupenda kuanzia kwenye swali la binadamu kujifanya Mungu. Mimi naona tuanzie zizini, kwa mnyama mwenyewe. Bucardo, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees huko Hispania, alitoweka Januari 2000, jike wa mwisho, Celia, alipoangukiwa na mti. Seli za sikio lake zilikuwa zimeshahifadhiwa. Viinitete (mimba changa) vilivyotengenezwa kwa seli hizo vikapandikizwa kwa mbuzi 57; walioshika mimba ni 7, na mmoja tu ndiye aliyefikisha siku zake. Mwaka 2003 kitoto kilitolewa kwa upasuaji, kikahangaika kupumua dakika chache, kikafa. Pafu lake lilikuwa na kinyama kigumu kilichoziba nafasi ya hewa. Na hata kingeishi, seli zote zilikuwa za jike: dume angetoka wapi?

Kwetu Afrika Mashariki suala hili liko Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama iliyoko Laikipia, Kenya. Faru weupe wa kaskazini hawajaisha kabisa, ila tangu dume Sudan afe Machi 2018 wamebaki Najin na bintiye Fatu, na hakuna anayeweza kubeba mimba. Mayai huvunwa kwa nusukaputi, yakarutubishwa Italia kwa mbegu za kiume zilizogandishwa, kisha viinitete hupandikizwa kwa faru weupe wa kusini. Mwaka 2021 Najin aliondolewa kwenye uvunaji: umri umekwenda, na mayai yake machache hayakulingana na hatari aliyowekewa. Uamuzi huo ulipitia tathmini ya maadili, jambo ambalo miradi mingi ya aina hii hulitaja zaidi kuliko kulitenda.

Hapa mizani inakaa tofauti na ya bucardo. Ndama akizaliwa mapema, Najin na Fatu wakiwa hai, atalelewa na wa aina yake, ajifunze tabia ambazo hazimo kwenye jeni. Ila waliowamaliza faru hawa ni majangili, na Garamba, hifadhi ya Kongo walikoonekana mara ya mwisho porini, pembe bado inawindwa. Kabla ya kupandikiza kiinitete kingine, wanaotoa fedha waulizwe ndama huyo atalindwa na nani akishatoka kwenye uzio, na kwa miaka mingapi.