Jamani, acheni kufagia chini ya miti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nilifika kwenye kibustani chetu hapa Sinza saa moja na nusu asubuhi nikakuta chini kumeng'aa. Yaani hamna jani hata moja. Mistari ya fagio la chelewa imepangika kama nywele zilizochanwa, na pembeni moshi unafuka, majani yote ya mkungu yamekusanywa yakapigwa kiberiti. Watu wamechoka ila wana furaha, wakaniuliza, mtaalamu vipi, pamependeza? Pamependeza kweli. Ila mi nilikuwa naangalia ile miche 14 tuliyopanda wakati wa masika, na ndo kwanza ilikuwa Juni, nikajua kazi ipo.

Nimesomea misitu SUA, kile chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miti, sa hivi najitolea hapa mtaani kwetu, na ukiniambia nitaje kitu kimoja tu kinachodumaza bustani za mitaa hapa Dar sitataja mbuzi wala jua. Nitataja fagio.

Udongo wa Dar sehemu nyingi ni kichanga, maji yanapita humo kama kwenye chujio na virutubisho vinaondoka nayo. Kinachoufanya udongo wa hivyo ushike unyevu ni vitu vilivyooza, sasa vitu vilivyooza vitatoka wapi kama si hayo majani? Jani likidondoka jongoo analitafuna, mchwa anachukua chake, fangasi na bakteria wanamalizia, na kile chakula ambacho mti ulikivuta kutoka chini kinarudi chini. Msituni hakuna mtu anayebebea miti samadi na bado inakua mpaka inatutisha. Sisi huku tunalifagia jani, tunalichoma, nitrojeni karibu yote inapaa na moshi, majivu yanabaki na vitu kidogo afu upepo wa kusi unakuja kuyapeperusha, mwezi unaofuata kwenye grupu la WhatsApp tunachangishana hela ya kununua samadi. Sijui nani katuroga.

Hapo bado sijagusa maji. Kuna mama mmoja mtu mzima ndo mwenye fagio pale, na niseme ukweli, bila yeye hiki kibustani kingeshakuwa jalala zamani. Nikamsalimia, shikamoo mama. "Marahaba. We ndo yule mtaalamu unayetaka tukae na uchafu?" Nikacheka tu, sikubishana nae, nikamwomba tusogee kidogo nikiwa na chupa mbili za maji za nusu lita. Ya kwanza nikaimwaga taratibu pale palipofagiliwa. Kwa vile juu pameshagandamana kwa fagio na miguu, maji yakakaa juu kidogo, yakajichorea kimfereji, yakakimbilia mtaroni. Nikachimbua kwa kidole, chini vumbi tupu, palipoloa ni kama unene wa shilingi. Ya pili nikaimwaga kona ya nyuma kwenye bogonvilia, hapo hakuna anayefagia kwa sababu ya miiba, majani yamelaliana humo sijui tangu lini. Maji yakazama hapo hapo. Mama akaingiza kidole chote, akatoa udongo mweusi umeshikana, na jongoo mmoja kajikunja. Akamwangalia jongoo, akaniangalia mimi. "Na nyoka je?"

Swali la maana hilo, na wataalamu wengi tunalipuuza ndo maana watu hawatusikilizi. Nyoka na panya wanapenda rundo. Ukilundika majani mpaka magotini kwenye kona ya watoto umetafuta matatizo mwenyewe. Ninachotaka mimi ni tandiko jembamba, sentimita 5 hadi 8 hivi, limetandazwa kuzunguka mti na limeachia shina nafasi ya kiganja kimoja, maana ukiyabananisha na shina gome linaoza na mchwa wanapata ngazi. Majani ya mkungu tena yana tabia yake, ni mapana na magumu, ukiyalaza mazima yanakaa kama mabati na mvua inateleza juu. Yakanyage yavunjike kwanza au yapige panga, changanya na nyasi mlizofyeka.

Na mbu je? Hapo nilikuwa na jibu la karibu zaidi. Mbu hatagi kwenye jani kavu, anataka maji yaliyotuama, na anayeleta dengi anapenda vyombo vidogo vidogo, kopo, tairi, kifuu. Mnaokumbuka dengi ya 2019 hapa mjini mnajua nasema nini. Sasa getini kwetu kuna kijana anauza madafu, mtu mzuri tu, ila maganda ya madafu yake yanatupwa nyuma ya ukuta, na kila moja limesimama wima na maji yake ndani. Nikamwonyesha mama vile viluwiluwi vinacheza humo. Yule kijana alisemwa siku hiyo mpaka nikamwonea huruma.

Basi tukaelewana. Njia na pale kwenye mabenchi anafagia kama kawaida, chelewa yake iendelee, ila majani yanasukumwa chini ya miti badala ya kwenda motoni. Kwa macho ya mpita njia bado panaonekana pana wenyewe, na hili si dogo. Viwanja vya Sinza vilipimwa ule wakati wa mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 na maeneo ya wazi yakatengwa kwenye ramani, ila kila mtu anajua maeneo ya wazi ya mji huu yanaishia wapi, leo kibanda kesho ukuta. Penye dalili ya mtu kushughulika mvamizi anajifikiria mara mbili. Kwa hiyo mama na fagio lake ndo walinzi wetu pia, we shangaa tu.

Kumwagilia sitakaa sana. Kikombe kila jioni kwa kila mche ni kuudanganya mti, mizizi inabaki juu juu inasubiri kikombe, siku mkisafiri umekufa. Dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, taratibu, kwenye kisahani ulichochimba kwenye udongo kuzunguka mche, mpaka vuli ianze. Na chokaa mnayopaka mashinani haileti ubaya ila msaada wake kwa mti ni mdogo, hiyo hela nunueni dumu.

Kitu kingine kilichoniuma ni viroba vya miche. Siku ya kupanda tulikuwa na wageni, picha nyingi, hotuba, kila mtu anataka kushika jembe, na kwenye haraka ile kuna waliotumbukiza mche na kiroba chake cha plastiki. Mche wa hivyo unaweza kukuchekea miezi mitatu afu unanyauka na udongo umeloa, unabaki unashangaa. Chana kiroba, toa chote, na kama kuna mzizi umejizungusha chini kama waya ukate bila huruma, ukiuacha utaendelea kujizungusha hivyo hivyo na mti ukishakuwa mkubwa unaangushwa na upepo.

Mpaka vuli inaingia miche 11 ilikuwa hai, na mwarobaini wa pale kwenye benchi umenipita kifua. Mitatu imekufa. Miwili nilipoing'oa nikakuta viroba, kama nilivyohisi. Wa tatu uligongwa na bajaji ikigeuza, dereva akaapa ataleta mche mwingine, na mpaka leo akituona anapitia barabara ya nyuma.