Klabu yenye mabingwa si lazima ikufae

Mtu mzima anayetaka kuanza jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana chini na kubana viungo, huambiwa atafute klabu yenye mabingwa wengi. Ushauri huo unapotosha. John Danaher, aliyefundisha miaka mingi New York kwenye klabu ya Renzo Gracie, hakupata jina kwa kushindana, ila amewanoa mabingwa Georges St-Pierre na Gordon Ryan.

Omba ukae pembeni utazame darasa zima. Mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, akigonga mkeka kusalimu amri kwa sababu kiwiko kimebanwa, mwenzake anaachia papo hapo au anakaza kidogo kwanza? Na mwalimu ameona? Kwangu hilo linazidi kabati zima la vikombe, maana kesho una kazi ya kwenda na hutaki kuumia. Mikeka ipigwe deki kila siku. Ukishinikizwa kulipia mwaka mzima siku ya kwanza, ondoka.